Bomba Lililojua Majina

Ntimaru, 3 Juni 2025

Kwa dada wa kaunta ya vifurushi, steji ya Homa Bay,

Hunijui. Mimi ndiye yule kijana wa Ntimaru aliyekuja Jumanne kuchukua pampu, ile nzito iliyofungwa kwa gunia. Uliniita kwenye spika mara tatu na sikuja. Dada, si kwamba sikusikia. Nilisikia mara ya kwanza, vizuri sana. Nilikaa tu kwenye benchi nikingoja uite tena.

Kabla hujaitupa karatasi hii, acha nijieleze. Mimi ni fundi. Kijiji chetu kimechimbiwa kisima, na kamati imenipa kazi ya kutengeneza kituo cha maji: tangi, bomba, hori la kunyweshea ng'ombe, na kadi. Kila boma litakuwa na kadi yake yenye jina la mwenye boma. Ukigusisha kadi, bomba linafunguka. Hiyo si ajabu, ziko kwingi. Yangu nataka iongee. Nataka mtu asikie, "Karibu, fulani. Chota pole pole. Asante sana, fulani." Watu wetu wamezoea kufokewa kila mahali penye foleni. Nataka wapate mahali pamoja pa kuitwa vizuri.

Sauti niliyokuwa natafuta ni yako. Ulipomwita yule mama, "Filister, mzigo wako umefika salama," alianza kutabasamu hata kabla hajauona mzigo.

Nimeambatisha orodha ya majina mia na arobaini. Ukikubali, nitakuja na kinasa sauti. Ukikataa nitaelewa, ila nitaendelea kuagiza vipuri kimoja kimoja ili niitwe.

Nimeandika kwa karatasi kwa sababu niliona bango lenu: wafanyakazi wa kaunta hawaruhusiwi simu.

Wako kwa heshima,
Levis Gisiri


Homa Bay, 9 Juni 2025

Bwana Levis,

Ati ulisikia! Nilikuita mpaka bosi akaniuliza kama huyo mtu amekufa. Kisha ukaja umejifanya unatafuta miwani, na miwani huna.

Barua yako imesomwa. Kwanza na mama, maana ililetwa nyumbani na mwenzangu wa zamu, halafu na baba, halafu na jirani yetu Mong'ina aliyekuja kuomba chumvi. Mimi nilikuwa wa nne. Kwa hivyo usidhani una siri yoyote katika mji huu.

Naitwa Eucabeth. Baba yangu ni Motari, yule Mkisii wa ndizi pale sokoni, na mama ni Nyatichi. Baba amesema kazi ya sauti si kazi mbaya, mradi hakuna nyimbo za kidunia. Nimemwambia ni majina na maji tu.

Njoo Jumapili. Usije Jumamosi, tuko kanisani kutwa. Na usitegemee mbwembwe. Nitayasoma majina yenu kama ninavyosoma ya mizigo, moja baada ya lingine, bila kuuliza nani ni nani. Kuna mengine hapo nimeyajaribu asubuhi na ulimi wangu umegoma, hayo utanifundisha.

Vipuri agiza tu.

Eucabeth


Ntimaru, 28 Oktoba 2025

Eucabeth wangu,

Kituo kimefunguliwa jana! Ungekuwapo. Wazee wamevaa makoti, akina mama wamefunga vilemba, na Mirumbe, mwenyekiti wetu wa kamati, akahutubia mpaka jua likatuchoma. Halafu akagusisha kadi. "Karibu, Mirumbe," ukasema. Aki, yule mzee aliruka! Kisha akavua kofia na kuliinamia bomba.

Sasa shida ni moja tu, na ni shida tamu. Watu hawataki kujaza mtungi mara moja. Wanachota nusu, wanatoka, wanarudi nyuma ya foleni, wanachota nusu nyingine, ili waitwe tena. Leo nimeona mama amekuja na jagi. Foleni imefika kwenye duka la sukari.

Kile kisanduku cha sauti nimekimwagia gundi ngumu, ile ikikauka inakuwa jiwe. Hakuna kijana atakayeiba kadi ya kumbukumbu wala kubadilisha hata herufi. Nimejivunia hilo kuliko pampu.

Hata mzee wangu, mtu asiyeongea na binadamu kabla ya chai, analijibu bomba. Anapeleka ng'ombe asubuhi na jioni, anagusisha kadi, unamkaribisha, na yeye anasema, "Asante, mama." Nimemsikia kwa masikio yangu. Amemwambia mama kwamba huyo msichana wa bombani ana adabu kutushinda sisi watoto wake wote. Sijamwambia ni wewe. Atajua siku tukija.

Na tunakuja. Wazee wamekubali Jumapili, tarehe kumi na nne Desemba. Mwambie baba yako sisi ni Wakatoliki lakini hatuumi.

Wako, wako tena,
Levis


Homa Bay, 16 Desemba 2025

Levis,

Nieleze. Tangu juzi sijalala vizuri, na mama amekataa kuosha ile sufuria ya kuku kwa huzuni.

Mlifika vizuri. Mlikaa vizuri. Baba na baba yako walikuwa wanacheka habari za bei ya ndizi. Nikaingia na jagi na beseni la kunawa mikono. Nikaanza na baba yako kwa heshima, nikapiga goti, nikasema, "Karibu. Nawa pole pole." Hilo tu. Levis, mtu huyo alinyamaza ghafla. Akanitazama, akatazama jagi, akatia mkono mfukoni akatoa kadi ya bluu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Kisha akasema tumbo limemkamata, akatoka nje, na hakurudi mpaka gari lilipowashwa. Wale wengine walikuwa kwenye mabishano ya mpira na hawakuona kitu.

Ng'ombe wa mahari wamekubaliwa, siku imewekwa, tarehe ishirini na mbili Februari, najua. Lakini aliyasema Mirumbe hayo. Baba yako hakusema neno. Baba yangu ameuliza mara moja tu: "Huyo mzee ameona nini kwa binti yangu?"

Kadi gani hiyo? Nimemkosea nini?

Eucabeth


Ntimaru, 22 Desemba 2025

Eucabeth mpenzi,

Usijali hata kidogo! Lilikuwa tumbo tu, alikula mahindi ya kuchoma njiani pale Rongo. Sasa ni mzima kabisa, anakusalimia sana na anasema kwenu ni kuzuri. Kadi ni ya maji tu, huwa anaishika ovyo ovyo. Mzee ni mzee.

Mwambie mama yako aoshe sufuria.

Krismasi njema, hata kama kwenu hamuisherehekei sana.

Levis


Homa Bay, 6 Januari 2026

Levis,

Leo Mirumbe mwenyewe alikuwa kaunta, amekuja kuchukua dawa ya kutibu maji. Mtu mzuri. Haogopi kuongea. Nilimuuliza habari za nyumbani na akazitoa zote bila kuombwa mara ya pili.

Amesema tangu mrudi kutoka Homa Bay baba yako hajagusa kituo cha maji. Anaswaga ng'ombe mpaka mtoni, mwendo wa saa nzima kwenye jua hili la Januari, na maji yako langoni kwake. Amesema ukilitaja jina langu mbele yake anainuka na kwenda kukagua ua. Amesema amewaambia wazee kwamba tarehe ishirini na mbili wamtafute mtu mwingine wa kuongoza ng'ombe, yeye hatakanyaga Homa Bay.

Kwa hivyo salamu ulizoniletea ulizipika wewe.

Sikasiriki kwa sababu ananikataa. Hapana, nakasirika, acha niseme ukweli, nakasirika na ninalia hapa nyuma ya mizigo ya watu. Lakini zaidi nakasirika kwa sababu ulijua na ukaniandikia mahindi ya kuchoma. Kama ni kwa kuwa mimi ni Mkisii, sema. Kama ni kwa kuwa tunasali Jumamosi, sema. Baba yangu ametamka leo: ng'ombe wakifika bila mwenye ng'ombe, watarudi walikotoka, na mimi nitakuwa binti ambaye ng'ombe wake walirudishwa. Hapa sokoni hakuna atakayesahau.

Mimi nakupenda, mjinga wewe. Nataka kuolewa kwenu. Lakini siwezi kuingia boma ambalo mwenyewe anakimbia jina langu.

Eucabeth


Ntimaru, 12 Januari 2026

Kwa mwanangu Eucabeth,

Mimi ni Jerusha, mama yake Levis. Naandika mwenyewe, nilisoma hadi darasa la saba, kwa hivyo usicheke mwandiko.

Levis amerudi na barua yako akiwa uso umemshuka. Hajui kitu, mama. Alidanganya lakini kile alichokuwa anaficha hata yeye hakijui. Baba yake hakumwambia. Jana nimemkalisha mwenye boma chini nikamwambia, leo huli ugali wangu mpaka unieleze huko mtoni unafuata nini. Alikaa na njaa mpaka saa tisa. Halafu akasema.

Mwanangu, mzee hakukatai. Mzee anakukimbia kwa aibu! Ile sauti ya bombani ni yako. Ameijua ulipomwambia anawe pole pole. Karibu atoe kadi akugusishe nayo, masikini. Ndiyo kile ulichokiona.

Sasa fikiria. Wewe sasa ni mkamwana wake, maneno yameshasemwa mbele ya wazee. Mkamwana anaweza kumwita baba mkwe wake kwa jina? Mimi nimeolewa hapa miaka thelathini na moja na jina la baba yake sijalitamka hata kwa daktari. Kwenu Kisii najua ni hivyo hivyo. Na wewe unamwita mchana kweupe, mbele ya kijiji na ng'ombe, asubuhi na jioni. Tena anakujibu asante, mama!

Kijiji hakijajua ni wewe. Hiyo ndiyo hofu yake. Anasema siku ya ng'ombe watu wote watakuja kwenu, utafungua mdomo kuwakaribisha, watakujua, na mpaka afe watamuuliza kila asubuhi mkamwana amekuitaje leo. Mimi nimemhurumia, ila ilibidi nitoke nje nikachekee jikoni.

Nami kadi yetu nimeacha kuitumia, maana nikichota mimi pia inamtaja yeye. Natumia ya jirani. Nashinda naitwa Mirumbe.

Fanyeni kitu, nyinyi wawili wenye akili. Mtoni ng'ombe wanakonda na mzee anakonda pamoja nao.

Mama Levis


Homa Bay, 15 Januari 2026

Levis,

WEWE!

Mimi naenda kanisani. Mimi ni shemasi msaidizi wa vijana. Na umenifanya nimuite baba yako kwa jina lake, hadharani, mara ngapi? Mara ngapi, Levis? Mashine yako si inahesabu kila kitu?

Nilipomsomea mama ile barua alianza kwa kuziba mdomo. "Yaani kila siku?" Nikasema kila siku. "Asubuhi na jioni?" Nikasema ndiyo. Akateleza kwenye kiti kwa kicheko. Baba alikuja mbio akidhani mtu amefariki. Sasa wanapishana mlangoni wakiambiana, "Karibu, chota pole pole," na mimi ndiye naona haya. Sufuria imeoshwa.

Kosa ni langu pia, najua. Niliyasoma yale majina kama ya mizigo. La baba yako lilipita mdomoni pamoja na mengine, na wakati ule hukuwa mtu wangu, ulikuwa mteja mwenye pampu. Lakini wewe umekulia kwenye boma hilo! Sisi tukiongea kuhusu baba zetu hatuwataji. Tangu tuanze kuelewana hata barua zako umeacha kutia sahihi kwa jina lake. Mkono wako ulijua na kichwa hakikujua?

Toa hilo jina. Leo.

Eucabeth
(bado wako, lakini usinizoee)


Ntimaru, 19 Januari 2026

Eucabeth wangu,

Nimehesabu. Kadi ya mzee imegusishwa mara tisini na nne, na kila mara bomba linataja jina mara mbili. Mara mia moja themanini na nane. Nisamehe. Nimeiandika namba hiyo nikiwa nimekaa chini.

Nikuambie kitu kuhusu kazi yetu. Kitu kikiharibika tunakiita hitilafu, na hitilafu haina aibu, unatafuta waya uliokatika unaunga. Lakini kuna kitu kingine, mwalimu wetu wa chuo alikuwa anakiita sifa hasara. Hicho hakijaharibika. Umekikusudia, umekichora, umekijenga, kinafanya kazi vile vile ulivyotaka, na ndiyo maana kinakuumiza. Alituambia tutakuja kukitengeneza kila mmoja wetu angalau mara moja. Mimi nimetengeneza viwili kwenye sanduku moja. Cha kwanza, kumwita kila mtu kwa jina kwa sauti ya mtu niliyetaka kumuoa. Cha pili, ile gundi.

Jina haliwezi kutolewa, Eucabeth. Nimeambia kila mtu kwamba hakuna mkono wa binadamu utakaobadilisha sauti ile, na ni kweli, hata wangu. Nimejaribu kuchoma gundi kwa pasi. Nimejaribu petroli. Njia ni kukata kisanduku kizima kwa msumeno na kuweka kipya, na kisanduku ndicho kinachofungua bomba. Siku mbili bila maji, Januari. Nimemwendea Mirumbe nikamwambia kuna kifaa lazima kibadilishwe. Akauliza, kimeharibika? Nikasema hapana. Akauliza, basi kinabadilishwa kwa nini? Nikasema kinafanya kazi kupita kiasi. Alinitazama sana. Mwishoni akakubali, mradi kila boma lijaze mitungi kwanza.

Lakini nahitaji sauti upya. Utanikubalia nije na kinasa sauti? Nitasimama nje ya mlango. Nitasimama barabarani ukitaka.

Na ile habari ya mahindi ya kuchoma sitarudia. Niliona mzee ananyamaza nikaogopa, nikaona bora nikufurahishe kwanza halafu nitafute ukweli baadaye. Ilikuwa ni ujinga. Siku nyingine nikiwa sijui, nitaandika sijui.

Levis


Homa Bay, 26 Januari 2026

Levis,

Umekuja, umeondoka, na mama amekupenda zaidi kwa vile ulivyonyamaza. Mimi nimekusamehe tangu uliposimama kwenye jua na lile sanduku la kinasa sauti kichwani, ila sikutaka ujue mapema.

Nayaandika haya ili yawe kwenye karatasi. Majina nimesoma mia na thelathini na saba. Matatu nimeyaruka: la baba yako na ya ndugu zake wawili, kama mama yako alivyonielekeza. Hao pia ni baba zangu. Kwenye kadi zao usitie chochote. Bomba lifunguke, maji yatoke, kimya. Hiyo ndiyo heshima.

Na kisanduku kipya kifunge kwa skrubu. SKRUBU, Levis. Ukiniambia umetia gundi nitaolewa na yule dereva wa lori la samaki.

Zimebaki wiki nne kasoro siku moja. Jana baba amepima ua kwa hatua, kuona ng'ombe wangapi wanaingia. Kisha akasema, "Kama mzee hatakuja, tusijisumbue," akaacha kupima. Naomba Mungu kimya kitoshe.

Eucabeth


Ntimaru, 9 Februari 2026

Mwanangu Eucabeth,

Kimya hakijatosha. Kimeleta mengine.

Levis alikata kile kisanduku, tukakaa siku mbili na mitungi, akaweka kipya, maji yakarudi. Nikamwambia mwenye boma, sasa nenda, jina lako halimo. Akaenda na ng'ombe wake amevaa kofia mpya. Mbele yake alikuwa Mirumbe. "Karibu, Mirumbe." Nyuma yake alikuwa Lynnet, mke wa mwalimu. "Karibu, Lynnet." Yeye akagusisha kadi. Kimya. Maji yakatoka tu, shwaa, kama anaiba. Akagusisha tena akidhani haikushika. Kimya. Watu wakatazamana. Lynnet akamuuliza, mzee, kadi yako imekufa?

Amerudi nyumbani amevuta kiti akakaa nje, mgongo kwa nyumba. Nikamwambia, si ndiyo heshima uliyotaka? Akasema, "Heshima gani? Mbwa akipita anafukuzwa kwa sauti. Mimi hata kufukuzwa sijafukuzwa." Ndugu zake wawili pia wamekuja kulalamika, wanasema wanachota maji kama watu waliokosana na kijiji.

Hajarudi mtoni, ng'ombe wanakunywa bombani sasa. Lakini wanapelekwa na Levis. Mzee anakaa pale kwenye kiti. Nimemuuliza kuhusu tarehe ishirini na mbili. Akasema, "Nitakwendaje kwa mtu ambaye amewasalimia wote akaniruka mimi?"

Mimi nimechoka na wanaume, mama. Lakini usiku wa jana, alipodhani nimelala, alisema neno moja. Alisema, "Angesema tu Tata." Nimekuletea kama lilivyo. Mimi si posta, lakini hili nimelibeba.

Mama Levis


Homa Bay, 12 Februari 2026

Mama,

Nimelipokea neno.

Nilikuwa naogopa kulisema. Kwenu ni Tata, kwetu pia ni Tata, ni neno lile lile, na mimi maisha yangu yote nimelisema kwa baba yangu tu. Nilidhani nikilisema kwa mzee kabla ng'ombe hawajafika ataniona nina haraka. Kumbe yeye anangoja na mimi nangoja.

Nimelirekodi leo baada ya kazi, kaunta ikiwa imefungwa. Mama, majina mia na thelathini na saba yalinichukua alasiri moja. Hili neno moja limenichukua saa mbili. Mara linatoka kama natangaza mzigo. Mara linatoka kama naomba kitu. Baba alikuwa amekuja kunichukua, akanisikia kutoka nje, akaingia na kuniuliza, "Unaniita?" Nikamwambia hapana, namwita mwingine. Akasema, "Basi mwite vizuri, asidhani hukulelewa." Nikalisema mara ya mwisho baba akiwa amesimama hapo, na hiyo ndiyo ninayokutumia.

Kadi ya kumbukumbu imo ndani ya sanduku la kiberiti, ndani ya kifurushi cha dagaa. Levis ataingiza. Kuna skrubu nne tu.

Usimwambie mzee. Aende tu na ng'ombe.

Binti yako,
Eucabeth


Ntimaru, 18 Februari 2026

Kwa Eucabeth,

Salamu. Ikiwa u mzima, nami ni mzima.

Naandika kwa mkono wangu. Mama Levis amekataa kunisaidia, amesema barua zake zimekwisha. Si desturi niongee nawe kabla mambo hayajakamilika. Nimewauliza wazee watatu kama karatasi ni kuongea. Mmoja amesema ndiyo, wawili wamesema hapana. Nimewafuata wawili.

Kwanza. Siku ile kwenu sikuwa na tumbo. Mwambie mama yako kuku yule nilimwacha kwa uchungu.

Pili. Yale ya mara mia moja themanini na nane nimeyasikia, Levis ameniambia. Yameisha. Nikuambie ukweli, kabla sijajua ni wewe, yalikuwa yananifurahisha. Mtu wa umri wangu hana wa kumwita kwa jina. Watoto hawawezi, mke hawezi. Waliokuwa wananiita tulitahiriwa pamoja, na wengi nimewazika. Nilikuwa natoka na ng'ombe alfajiri nikijua kuna mahali nitaitwa. Ndiyo maana nilikasirika sana, na sikujua nimkasirikie nani.

Tatu. Jana asubuhi Levis alijifanya mguu unamuuma, akaniambia niwapeleke ng'ombe mimi. Nilijua ana jambo. Nikaenda. Nikagusisha kadi.

Nimesikia.

Lynnet alikuwa nyuma yangu. Ameniuliza, mzee, huyo anayekuita Tata ni nani? Kijiji kizima kilikuwa kinangoja. Nikawaambia ni mkamwana wangu wa Homa Bay. Wamecheka, ndiyo. Na mimi nilicheka.

Mchana nikawapeleka ng'ombe tena. Jioni nikawapeleka mara ya tatu. Walisimama hapo wakanitazama, hawakutaka maji, matumbo yamejaa. Nikagusisha kadi hata hivyo.

Ndugu zangu wawili wameomba nao waitwe hivyo. Nimewaambia wangoje ng'ombe wafike kwanza, mimi ndiye mkubwa.

Lori nimepata la Awendo, lile la miwa, limeoshwa. Jumapili tutakuwa hapo kabla ya saa nne. Mimi nitakaa mbele na dereva. Baba yako amalize kuupima ua.

Ni mimi,
Tata